MAIKROFONI NA LAINI: SOMO LA KUINGIZA SAUTI KATIKA MIKSA NDOGO



Haifichiki kwa yeyote kati yetu ya kwamba vyombo vya kukuzia na kunasia sauti vimeenea katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga. Twachanga fedha, twanunua chombo, twakiweka mezani na kukifunika kitambaa kisipate vumbi. Lakini ilimu ya kukitumia hatuinunui pamoja nacho. Kila kijana hukigusa kwa kadiri alivyomwona mwenziwe akikigusa, na yule mwenziwe naye hakufunzwa na mtu.

Matokeo yake ni haya: mwalimu asoma darasa, na walio safu ya mbele wamsikia kwa mdomo wake, wala hawana haja na chombo. Ama walio nyuma, na akina mama walio ghorofani au nyuma ya pazia, ambao khasa kwa ajili yao mchango ule ulichangwa, wao wasikia ngurumo na mikwaruzo. Mwalimu akisema "thamani", wao wasikia "samani". Akina mama hawa hawana pa kulalamika; huvumilia mara moja na mara ya pili, na mara ya tatu hawaji.

Na liko jambo kubwa kuliko hilo. Siku hizi darasa nyingi hunaswa na kuwekwa. Mwalimu mzee hatokaa nasi milele. Atakapoondoka, kitakachobaki kwa wajukuu zetu ni sauti yake kama ilivyonaswa siku ile. Ikiwa iliharibika ilipoingia katika chombo, hapana fundi awezaye kuirudisha kama ilivyotoka kinywani.

Kwa hivyo tumeona ni wajibu kuandika somo hili juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuingiza sauti katika miksa: sauti ya maikrofoni na sauti ya laini. Msingi wa somo zima ni neno moja ambalo twataka msomaji alihifadhi: sauti huharibikia mlangoni. Ikiingia sawa, kazi iliyobaki ni nyepesi. Ikiingia vibaya, vitufe vyote vilivyobaki havina dawa.

1. CHOMBO CHENYEWE

Miksa ni chombo cha kukusanya sauti zitokazo mahali mbalimbali, kuzipima, na kuzitoa zikiwa pamoja. Miksa ndogo tuzikusudiazo hapa ni zile za mezani, zenye njia mbili au nne za maikrofoni na njia chache za laini. Kila njia ni mstari wa vitufe vishukavyo kutoka juu mpaka chini, na sauti hupita katika mstari huo kama maji yapitavyo katika mfereji. Juu kabisa pana tundu la kuingilia. Chini yake pana kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa GAIN, au katika miksa nyingine TRIM. Kisha hufuata vitufe vya kurekebisha sauti nzito, ya katikati na nyembamba. Mwisho pana kitufe kilichoandikwa LEVEL. Baada ya hapo njia zote hukutana katika kitufe kikuu kilichoandikwa MAIN, na sauti hutoka kwenda kwenye amplifaya na spika.

Mwenye kuufahamu mpango huu amelifahamu nusu ya somo. Kwani atajua ya kwamba GAIN na LEVEL, ingawa masikioni vyote viwili huzidisha na kupunguza sauti, kazi zao ni mbalimbali. GAIN huipima sauti inapoingia. LEVEL huipima inapotoka kwenda kuchanganyika na wenziwe. Aghlabu ya makosa tuyasikiayo hutokana na kukichukua kimoja mahali pa mwenziwe.

2. KWA NINI MILANGO NI MIWILI

Mtu akiuliza: Sauti ni sauti, mbona chombo kina matundu ya MIC na matundu ya LINE? Jawabu yake ni kuwa umeme wa maikrofoni na umeme wa laini hutofautiana kwa nguvu tofauti kubwa mno.

Maikrofoni ya kawaida haina nguvu yoyote ila ile iipatayo kwa pumzi ya msemaji. Hewa hugonga utando mwembamba, utando hutikisa koili ya waya ndani ya sumaku, na hapo huzalika umeme mdogo sana. Chukua mfano wa maikrofoni ijulikanayo kwa jina la SM58, iliyotolewa na kampuni ya Shure ya Marekani mwaka 1966, na ambayo hata leo yatumika duniani kote. Kwa sauti ya nguvu iliyo karibu na mdomo, kiasi cha desibeli 94, hutoa kama milivolti 1.85, yaani haifiki sehemu mbili katika elfu za volti moja.

Ama laini ni sauti ambayo imekwisha kukuzwa ndani ya chombo kingine, kama vile rikoda, redio au kompyuta. Vyombo vya nyumbani hutoa kiasi cha volti 0.316, na vyombo vya studio hutoa kiasi cha volti 1.23. Piga hesabu utaona: laini ya nyumbani yaishinda maikrofoni ile kwa kiasi cha mara 170, na laini ya studio kwa zaidi ya mara 600.

Kwa sababu hii, nyuma ya tundu la MIC pana mtambo mdogo wa kukuza, ambao katika miksa nyingi waweza kufika desibeli 60, yaani kuzidisha volti mara 1,000. Tundu la LINE halihitaji ukuzaji mkubwa kama huo. Basi ukitia maikrofoni katika tundu la LINE, sauti huja nyonge. Utazungusha LEVEL mpaka mwisho na kitakachozidi ni mvumo wa chombo chenyewe. Na ukitia laini katika tundu la MIC, sauti huingia kwa kishindo ikakwaruza, hata ukiishusha LEVEL mpaka isikike kidogo tu.

Hapa ndipo wengi walipokosea na kutupa mali. Sauti ikiwa ndogo, husemwa: "Amplifaya hii haina nguvu, tununue kubwa zaidi." Huchangwa fedha tena, huletwa amplifaya ya pili, na ule mvumo uliokuwa mdogo sasa huwa mkubwa. Chombo hakikuwa na ila. Maikrofoni iliingizwa mlango usio wake.

3. MATUNDU NA PLAGI

Maikrofoni huingia kwa plagi ya XLR, iliyo duara na yenye pini tatu. Pini ya 1 ni ya ardhi. Pini ya 2 na ya 3 huchukua sauti. Hizo mbili huchukua sauti ile ile, lakini moja ikipanda nyingine hushuka. Kelele za umeme zinapoingia njiani, huingia katika nyaya zote mbili kwa namna moja. Miksa nayo hukisoma kile kilicho tofauti kati ya nyaya mbili na kukiacha kilicho sawa. Hivyo sauti hubaki na kelele huondoka. Kwa hekima hii waya wa maikrofoni waweza kupita mita nyingi kutoka kwa mwalimu mpaka kwenye miksa bila ya kudhurika.

Laini huingia kwa plagi ya jeki yenye upana wa milimita 6.35, au kwa zile plagi ndogo za rangi nyekundu na nyeupe. Katika baadhi ya miksa utaona tundu moja lipokealo XLR na jeki pamoja: pini tatu huenda upande wa maikrofoni, na jeki ya katikati huenda upande wa laini. Na ikiwa njia moja ina matundu mawili mbalimbali, MIC na LINE, tumia moja tu kwa wakati mmoja. Usiyashughulishe yote mawili.

Sasa twafika kwenye mtego ambao yapasa msomaji autulilie. Watu wengi huchukua waya wa simu wenye plagi ndogo ya stirio, wakaongeza adapta ya jeki kubwa, kisha wakaitia katika tundu moja la LINE la njia ya maikrofoni. Muziki au kisomo huja, lakini sauti ya msomaji haipo, au yasikika kama yatoka chini ya kisima. Kilichobaki ni mwangwi na vitu vya pembeni. Husemwa kwamba simu ni mbovu, au kanda ni mbovu.

Sababu ni ile ile hekima tuliyoitaja. Plagi ya stirio ina sehemu tatu: ncha huchukua sauti ya kushoto, pete huchukua sauti ya kulia, na shina ni la ardhi. Tundu la LINE la namna hii halijui kushoto wala kulia; lajua kusoma tofauti na kuacha kilicho sawa. Na sauti ya msomaji aghlabu imewekwa sawasawa kushoto na kulia. Basi miksa huidhania kuwa ni kelele, ikaifuta. Dawa yake ni waya ulio na plagi moja ndogo upande wa simu na jeki mbili upande wa miksa, kila jeki ikichukua sauti ya upande mmoja tu, zitiwe katika njia ya stirio yenye matundu mawili: L kwa kushoto na R kwa kulia. Waya huu bei yake si kubwa, na faida yake ni kubwa kuliko bei yake.

4. NAMNA YA KUWEKA GAIN

Hili ndilo shina la somo. Kila mtambo una dari lake. Wimbi la sauti likipanda mpaka likagonga dari, kichwa chake hukatwa kikawa bapa, na huo ndio mkwaruzo tuusikiao. Kichwa kilichokatwa mlangoni hakiunganishwi tena na LEVEL, wala na MAIN, wala na amplifaya. Ni mfano wa maji ya kisima yaliyoingiwa na chumvi ya bahari: ukiyatia katika ndoo au ukiyatia katika kikombe, ladha yake ni ile ile.

Na GAIN ikiwa ndogo kupita kiasi, huja ubaya wa pili. Kila mtambo una mvumo wake mdogo usioisha. Sauti ikiingia chini, hukaa karibu na mvumo huo. Na utakapoiinua baadaye, wainua vyote viwili. Basi kinachotakiwa ni wastani: sauti ipande juu ya mvumo kwa umbali mwema, na ibakiwe na nafasi kabla ya kufika dari.

Mpango wake ni huu, na yafaa ufuatwe kwa tartibu, usirukwe:

Kwanza: shusha GAIN zote, LEVEL zote na MAIN mpaka chini. Vitufe vya sauti nzito na nyembamba viweke katikati, visizidishe wala kupunguza.

Pili: tia maikrofoni katika tundu la MIC. Washa miksa kwanza, kisha ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima fanya kinyume: amplifaya izimwe kwanza. Mwenye kugeuza tartibu hii husikia mshindo katika spika, na spika nyingi zimekufa kwa mishindo hiyo.

Tatu: amplifaya ikiwa bado imeshushwa, weka LEVEL ya njia ile na MAIN penye alama ya 0. Hapo ndipo mahali pao pa kawaida, pasipo kuzidisha wala kupunguza.

Nne: mwambie mwalimu asome, au kijana mwenye sauti mfano wa yake, kutoka mahali pale pale atakapokaa na kwa nguvu ile ile atakayoitumia. Wala asiseme "moja, mbili, tatu" kwa unyonge. Mtu hujaribu kwa sauti ya chini, kisha mawaidha yanapomshika hupaza. Na chombo kilichopimwa kwa unyonge hakiko tayari kwa hilo.

Tano: pandisha GAIN pole pole huku ukitazama taa za kipimo. Sauti ya kawaida na icheze karibu ya 0. Taa nyekundu iliyoandikwa PEAK au CLIP isiwake. Akipaza mpaka ikawaka, rudisha GAIN nyuma kidogo na ujaribu tena.

Sita: sasa ndipo uipandishe amplifaya mpaka walio nyuma wasikie sawasawa.

Baada ya hayo, GAIN iache. Darasa ikiendelea na ukataka kuzidisha au kupunguza, tumia LEVEL. Anayezungusha GAIN katikati ya darasa hubadilisha kila kitu pamoja, mpaka ile sauti inayonaswa.

Swichi iliyoandikwa PAD hupunguza sauti mlangoni kwa desibeli 20 au zaidi kidogo. Ikiwa GAIN imeshushwa mpaka mwisho na taa nyekundu bado yawaka, bonyeza PAD. Na swichi ya kukata sauti nzito, ambayo aghlabu huandikwa 75, 80 au 100 Hz, ibonyezwe kila siku kwa maikrofoni ya msemaji. Chini ya hapo hamna herufi zinazohitajiwa. Kuna ngurumo za feni, hatua za watu na upepo wa kusi dirishani.

Na herufi zenyewe ni amana. Sauti za vokali ni nene na zina nguvu, ama "th", "s", "sh" na "f" ni nyepesi na zakaa juu, nazo ndizo zipambanuazo neno na neno. Mkwaruzo huzifunika hizo kwanza. Ndiyo maana chombo chaweza kuwa na sauti kubwa ajabu, na watu wasifahamu lililosemwa.

5. UMEME WA VOLTI 48

Zipo maikrofoni za aina ya pili, ziitwazo kondensa, ambazo hazifanyi kazi mpaka zipelekewe umeme kutoka kwenye miksa. Umeme huo hupita katika waya ule ule wa sauti, na swichi yake huandikwa +48V. Asili ya hesabu hiyo yafurahisha kuijua. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliitengenezea redio ya taifa ya Norwe maikrofoni za transista. Katika studio zile kulikuwa na umeme wa volti 48 uliokwisha tiwa kwa ajili ya taa za dharura, nao ndio uliotumiwa. Tangu hapo 48 ikawa kipimo cha dunia.

Hukumu zake ni tatu. Ya kwanza, maikrofoni ya kondensa isipopata umeme huu hunyamaza kimya. Usiitupe kabla ya kuitazama swichi. Ya pili, maikrofoni ya kawaida yenye waya mzima wa XLR haidhuriki nao. Lakini waya ulioungwa ovyo, au rikoda iliyotiwa kwa nguvu katika tundu la XLR, huweza kudhurika. Katika miksa ndogo swichi aghlabu ni moja kwa njia zote za maikrofoni, kwa hivyo tazama kila kilichotiwa kabla ya kuiwasha. Ya tatu, shusha MAIN kabla ya kuwasha au kuzima, kwani huja mshindo.

6. SIMU, KOMPYUTA NA RIKODA

Njia za stirio katika miksa ndogo nyingi hazina GAIN. Zina LEVEL tu. Basi mlango wake u wapi? Mlango wake ni kitufe cha sauti kilicho katika chombo kinachopeleka. Simu iliyopandishwa mpaka mwisho huweza kukwaruza yenyewe kabla sauti haijafika kwenye miksa; na iliyoshushwa sana huleta mvumo. Ipandishe mpaka kiasi cha robo tatu, kisha yaliyobaki yatengeneze kwa LEVEL. Na pakiwa na swichi yenye alama mbili, +4 na -10, ya kwanza ni ya vyombo vya studio na ya pili ni ya vyombo vya nyumbani.

Simu isiwe katika hali ya kupokea khabari. Mlio wa ujumbe katikati ya kisomo ni aibu kwa mwenye simu na usumbufu kwa wengine.

Rikoda ya kunasia hutiwa katika tundu la kutokea, REC OUT au TAPE OUT. Jihadhari usiitie rikoda hiyo hiyo katika tundu la kuingilia wakati inanasa, kwani sauti itatoka na kurudi, itoke na kurudi, mpaka ilie mbinja.

7. MLIO WA SPIKA

Mlio tuusikiao hutokea maikrofoni inapoisikia spika yake. Dawa ya kwanza ni mahali: spika ziwe mbele ya maikrofoni zikielekea watu, wala zisiwe nyuma ya mwalimu zikielekea mdomo wake. Dawa ya pili ni umbali: kutoka mdomoni mpaka kwenye maikrofoni na iwe kati ya upana wa vidole vinne na shubiri moja. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti ifikayo hupungua kwa nusu, na fundi hulazimika kupandisha GAIN. Hapo ndipo spika ipatapo nafasi ya kulia. Maikrofoni ielekezwe kidogo upande, isipokee pumzi ya "p" na "b" moja kwa moja. Dawa ya tatu: maikrofoni isiyotumika ishushwe LEVEL. Idadi ya maikrofoni zilizo wazi ikizidi mara mbili, hupotea kiasi cha desibeli 3 za usalama wako dhidi ya mlio.

8. KHATARI YA ROHO

Jambo hili si la sauti, lakini halifai kuachwa. Vyombo vikiwa vingi na kila kimoja kimechukua umeme mahali pake, huweza kutokea mngurumo mzito usiokoma, wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ni umeme wa ukutani. Kuna mafundi ambao dawa yao ni kukata waya wa ardhi katika plagi ya pini tatu. Mngurumo huenda ukaisha, lakini kinga imekwisha pia. Umeme wetu ni wa volti 240. Chombo kisicho na ardhi kikiharibika ndani, umeme huweza kufika mpaka kwenye bati la maikrofoni. Na msikitini watu hutembea miguu mitupu juu ya sakafu, na wengine watoka kutawadha, mikono na miguu imerowa. Mtu wa namna hiyo akiishika maikrofoni ile, hapana kati yake na mauti ila majaaliwa.

Dawa iliyo halali ni kuvitia vyombo vyote katika soketi moja yenye ardhi nzuri. Mngurumo ukitoka kwa kompyuta, chomoa chaja yake ujaribu. Ukiondoka, tumia kile kisanduku kidogo chenye transfoma kitenganishacho sauti na umeme, mafundi hukiita DI. Ama kukata waya wa ardhi, hilo lisifanywe na yeyote, na aliyelifanya aambiwe alirudishe leo.

9. MASUALA NA MAJIBU

Suala: Sauti spikani ni safi, lakini iliyonaswa yakwaruza. Sababu ni nini?
Jawabu: Rikoda nayo ina mlango wake. Sauti itokayo REC OUT ni laini. Ikiwa umeitia katika tundu la maikrofoni la rikoda, imegonga dari huko. Iwekee rikoda hali ya laini, na vilele vya sauti visizidi -12 katika kipimo chake. Kamwe visifike 0.

Suala: Je, twaweza kuunganisha maikrofoni mbili kwa waya wa pacha na kuzitia katika njia moja?
Jawabu: La. Kila maikrofoni na iwe na njia yake na GAIN yake, kwani sauti za watu hazilingani. Kuziunga pamoja huidhoofisha kila moja kwa ajili ya mwenziwe.

Suala: Miksa yetu ina kitufe cha mwangwi. Yafaa kukitumia kwa darasa?
Jawabu: Nyumba zetu za kuta nene na dari za juu zina mwangwi wa kutosha, na mwangwi hulipandisha neno hili juu ya neno lile. Darasa lakusudiwa lifahamike. Pambo linaloficha maana si pambo.

Suala: Watu hujaribu maikrofoni kwa kuipiga au kuipulizia. Kuna ubaya?
Jawabu: Upo. Ndani yake mna utando mwembamba ambao haukufanyiwa vishindo wala mate, na spika nazo hupata mshindo huo. Jaribu kwa kusema.

10. TAMATI

Kila msikiti na kila madrasa na ichague vijana wawili, na kwa upande wa akina mama binti mmoja au wawili, wafunzwe somo hili kwa vitendo mpaka walihifadhi. Asiachiwe mtu mmoja peke yake. Akisafiri, ilimu husafiri naye. Alama za GAIN zilizopatikana kwa kila mwalimu ziandikwe katika daftari, liwekwe pamoja na chombo. Na miksa isiwekwe miguuni mwa mwalimu, pahali ambapo msimamizi humsikia kwa masikio mitupu akadhani mambo ni mema. Iwekwe nyuma, asikie wasikiavyo watu, na kila darasa mmoja apelekwe upande wa akina mama aulize: "Yasikika? Yafahamika?" Maswali hayo ni mawili, wala si moja.

Chombo kimenunuliwa kwa mali ya maskini na tajiri. Haki yao ni kwamba neno lifike kama lilivyotamkwa.

Katika toleo lijalo, inshaallah, tutaeleza namna ya kuweka spika ndani ya nyumba na namna ya kuwahifadhi majirani na kelele zake. Wabillahi tawfiq.